Haribu Picha, Toa Jarida

Wanafunzi wa Masara, Migori, acheni kungoja! Mnangoja kompyuta mpya, mnangoja mfadhili, mnangoja siku shule itakapopata mwalimu wa sanaa. Wakati huo mawazo yanazeeka kichwani. Karatasi moja ya A4, wembe, gundi na duka la fotokopi vinatosha kabisa kutoa toleo la kwanza la jarida lenu muhula huu huu.

Ikunjeni karatasi hiyo hadi ipate visehemu vinane, ifungueni, kisha ikunjeni nusu kwa upana na kukata kuanzia kwenye mkunjo hadi katikati tu. Ikikunjwa tena inakuwa kijitabu cha kurasa nane, bila pini hata moja. Na kwa kuwa kinachapwa upande mmoja, kila nakala ni fotokopi moja. Pigeni hesabu wenyewe muone kama bado mfadhili anahitajika.

Sasa picha, na hapa ndipo nataka mchafue mikono. Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, nani hajaona kinachotokea mvua kubwa ikinyesha? King'amuzi kinapoteza mawimbi, uso wa msoma habari unakatikakatika miraba, mdomo unabaki kushoto na jicho linahamia shingoni. Wazee wanalalamika. Wewe piga picha ya skrini haraka kabla haijatulia! Hiyo ndiyo glichi, na wapo wasanii wakubwa wanaoitafuta kwa makusudi. Mwaka 1965 Nam June Paik, mzaliwa wa Korea, aliweka sumaku kubwa juu ya televisheni, picha ikapinda ikawa mchoro, na leo kazi hiyo imo katika jumba la makumbusho la Whitney, New York.

Njia rahisi ni simu yenye panorama. Izungushe taratibu huku mwenzako akivuka mbele ya kamera, naye anaweza kutoka na miguu mitatu, au akakosa kichwa. Shule ikiwa hairuhusu simu, subiri likizo, au ingia maabara ya kompyuta ufanye jambo tamu zaidi. Chukua nakala ya picha ya JPEG (nakala, si picha yenyewe, tafadhali) uifungue kwa programu ya bure ya kuhariri baiti, kama HxD. Utaona safu za tarakimu na herufi zisizo na maana kwako. Za mwanzo usiziguse, maana humo ndimo faili inajitambulisha na ukizivuruga haifunguki tena. Shuka katikati, badilisha baiti chache, hifadhi, fungua. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na wastani wa mwanga na rangi ya kila mraba huandikwa kama tofauti yake na mraba uliotangulia. Ukikosea mmoja, wanaofuata wanarithi kosa lake. Ndiyo maana anga inaweza kugeuka zambarau ghafla, au nusu ya chini ya picha ikateleza pembeni.

Hata mashine ya fotokopi ina glichi yake. Mwombeni mwenye duka awaruhusu kuisogeza picha juu ya kioo wakati taa inapita, na uso utavutika. Halafu toeni nakala ya nakala, na nakala ya hiyo tena, hadi kijivu kife na weusi ubaki peke yake. Programu za simu zenye kitufe kimoja cha glichi sizipendi. Zinaharibu kila picha kwa namna ileile, na msomaji anazigundua mara moja.

Lakini mnaharibu nini, na kwa nini? Masara imekaa juu ya ukanda wa dhahabu wa Migori, na wachimbaji wadogo huitumia zebaki kuinasa dhahabu. Zebaki ikishaingia majini haionekani, kamera haina la kufanya. Basi pigeni picha ya mikono inayoosha mchanga, mkiwa mmeomba ruhusa ya mwenye mikono. Iacheni mikono ilivyo, safi na wazi, muyaharibu maji peke yake. Ukurasa huo mmoja utasema kilichoishinda kamera, na hakuna mtu Nairobi atakayewatengenezea.

Kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa pamoja, nayo ina wakubwa wake, na mmoja ni wa kwetu. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alichukua michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari iliyoonyesha uvimbe wa kizazi, akabandika juu yake vipande vya magazeti ya mitindo hadi zikatokea nyuso za wanawake zinazomkazia macho anayezitazama. Vifaa vyenu ni mifuko ya mbegu, kalenda za mwaka jana, Taifa Leo la juzi, na mabango ya uchaguzi ambayo wenyewe wameshayasahau. Msikimbilie gundi. Kuta za Thimlich Ohinga, hapohapo Migori, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zimejengwa kwa mawe yasiyolingana bila tone la saruji, kila jiwe likichaguliwa ili libanwe na wenzake. Vipande vyenu vitandazeni mezani hivyo hivyo, vihamisheni, vipindueni, na kile kinachokaa bila kubembelezwa ndicho cha kubandika.

Kuna atakayewaambia kijarida cha wanafunzi ni mchezo. Mwambieni kuhusu Penpoint, jarida lililoanzishwa Makerere mwaka 1958, ambamo Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha hadithi zake za mwanzo akiwa bado mwanafunzi.

Haya, toleo la kwanza liwe nakala ishirini. Moja maktaba, moja kwa kinyozi, moja kwa mama muuza omena sokoni, zilizobaki zitembee madarasani. Kijaluo, Kikuria, Kiswahili, vyote viingie. Nyuma ya jalada andikeni picha za toleo la pili zipelekwe kwa nani na kabla ya tarehe gani. Na tarehe hiyo iandikeni leo, kabla hata hamjaikunja karatasi.