Je, Yafaa Kusalimu kwa Picha ya Fitina?

Noeli inapokaribia, na Mwaka Mpya nyuma yake, watu hupelekeana kadi. Desturi hii si ya kale sana: kadi ya kwanza ya Noeli ya kuuzwa ilipigwa chapa London mwaka 1843. Siku hizi hata sisi wa Punia, tulio mbali na maduka ya kadi, twaweza kupata picha za salamu kwa simu, kutoka kwa ndugu walio Kindu, Kisangani au Ulaya. Kati ya picha za namna hiyo zimo za China ya zamani: mabibi wa nyumba ya mfalme, nguo ndefu za hariri, vioo na maua. Ni nzuri kutazama. Lakini nyingine zatoka katika habari za hila na mauaji. Je, yafaa kumsalimu rafiki kwa picha kama hiyo?

Tutwae mfano mmoja. Mwaka 292 Malkia Jia wa China alikuwa ameshika serikali kwa hila, maana mumewe, Mfalme Hui, alikuwa mtu wa akili dhaifu. Ndipo Zhang Hua, mmoja wa wakubwa wa serikali, alipoandika maonyo kwa mabibi wa ikulu. Hakumtaja Malkia, alisimulia mwenendo wa wanawake wema wa zamani, ili mwenye masikio asikie. Baadaye maonyo hayo yalichorwa juu ya kitambaa kirefu cha hariri. Tangu kale mchoro huo hutajwa kuwa wa Gu Kaizhi, ingawa wataalamu wengi huona kwamba huu uliopo ulifanywa baada yake. Tangu mwaka 1903 umo katika British Museum, London.

Tazameni yaliyomo. Bibi Feng anasimama mbele ya dubu ili amkinge mfalme. Bibi Ban anakataa kuchukuliwa katika machela pamoja na mfalme, asije akamsahaulisha kazi ya kutawala. Bibi mwingine ameketi mbele ya kioo, na msichana anamchana nywele. Hiyo ya kioo yafaa sana kwa kadi, sivyo? Lakini maonyo ya mahali pale yanawalaumu watu wanaojua kupamba uso na wasijue kupamba tabia. Basi kijana akimpelekea mchumba wake picha hiyo siku ya kuzaliwa, amemsifu au amemkaripia?

Malkia hakusikia. Mwaka 300 alimwua mrithi wa ufalme, mwana wa mke mwingine. Mwaka ule ule alipinduliwa, akalazimishwa kunywa sumu. Waliompindua walimwua Zhang Hua pia.

Wako wanaosema: «Picha ni picha tu, ikipendeza, yatosha.» Wengine husema: «Picha ya fitina huleta fitina; itupwe!» Sisi hatukubaliani na hao wala na hawa. Mchoro ule haukuifundisha fitina, uliikemea. Kuutupa ni kumnyamazisha mwenye kuonya mara ya pili. Lakini kusema kwamba yatosha ipendeze tu, huko nako ni kumnyamazisha.

Jambo hili lajulikana katika nchi yetu. Walega wa Pangi na Shabunda, majirani zetu, walikuwa na sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu katika chama chao cha Bwami. Sanamu haikuonyeshwa peke yake: ilikuja na methali yake, wimbo wake na ngoma yake. Ile yenye vichwa vingi, Sakimatwematwe, ilifundisha kwamba mwenye hekima huona pande zote. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku. Leo sanamu nyingi zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wageni husifu pembe iliyong'aa. Neno lake hawalisikii. Ikiwa jambo hilo latuuma, mbona tuwatendee Wachina vivyo hivyo?

Basi, kabla hujapeleka kadi, uliza: huyu ni nani, na hapa anafanya nini? Ukipata jibu, andika mstari mmoja nyuma ya kadi, au chini ya picha katika simu, ili mwenzako apokee picha pamoja na neno lake. Usipopata, peleka salamu zako bila picha, hazitapungua kitu.

Tena, fitina si ya ikulu tu. Huanza pia katika mitaa yetu na penye machimbo. Huanzaje? Mtu hupokea neno asilolijua, hulipeleka mbele kwa kuwa ni tamu, na hajali litamwangukia nani. Anayezoea kupima maana ya salamu yake atazoea pia kupima maneno mengine yanayopita kinywani mwake.