Dhima ya Anayejua

Nilikaa nyuma ya dirisha la benki muda wa miaka tisa nikipokea na kulipa fedha za watu, kazi ambayo uaminifu wake hupimwa kila jioni, kwa kuwa karani haruhusiwi kwenda zake mpaka fedha iliyomo mkononi mwake ilingane na fedha iliyoandikwa kitabuni. Kisha asubuhi moja nikahamishiwa idara ya mikopo, mahali palipokuwa hatua ishirini tu kutoka nilipozoea kukaa, nikajiona kama mtu aliyevushwa bahari usiku akaamkia pwani ambayo hajui lugha yake. Karani wa dirishani huhesabu kilichopo. Afisa wa mikopo hutakiwa kukadiria kisichokuwapo bado: mavuno ambayo mvua yake haijanyesha, faida ya bidhaa ambazo hazijafika bandarini, na, lililo gumu kuliko yote, nia ya mwanadamu mwaka mmoja baada ya kuzipokea fedha. Kazi hii ya pili inabisha hodi katika mlango wa ghaibu, na ghaibu haina daftari la kujumlishia.

Vitabu nilipewa, na kwa majuma mawili nikajifunza namna ya kuisoma mizania, namna ya kuithamini nyumba inayowekwa dhamana, na namna ya kupanga marejesho. Elimu hiyo ni ya lazima, wala siidharau. Lakini elimu iliyonifanya afisa wa mikopo niliipata katika juma la tatu, pale mzee aliyekaa meza ya jirani alipotoa faili kuukuu la mkopo ambao haukurudishwa, akalifungua mbele yangu.

“Mwanangu,” aliniambia, “hesabu hizi ni safi kuliko zote nilizopata kuziona, nami niliziamini kwa sababu ya usafi wake. Sikwenda kuliona duka.”

Akanionyesha sahihi yake mwenyewe chini ya karatasi. Nilimjibu, “Nimekuelewa, mzee wangu,” ingawa sikuwa nimeelewa hata nusu. Nilikuja kuelewa miezi mingi baadaye, niliposimama katika duka lenye hesabu nzuri nikaona vumbi juu ya makopo ya rafu ya chini.

Husemwa ya kuwa elimu ni mali isiyopungua kwa kutolewa. Usemi huu niliuamini tangu utotoni, na sasa naona kwamba ni nusu ya kweli. Anayefundisha kujumlisha hapungukiwi kitu; lakini anayemfundisha mwenzake kwa kumfunulia kosa lake mwenyewe hutoa sehemu ya hadhi yake, wala haimrudii, maana kosa likishajulikana halisitiriki tena. Juu ya hayo, mzee yule alikuwa akimwelekeza mtu ambaye yamkini siku moja angeshindana naye kwa cheo. Bahili wa fedha hujulikana mtaani kwa siku chache, ila bahili wa maarifa aweza kustaafu kwa heshima na kuzikwa kwa heshima, na hapana ajuaye ni wangapi walioanguka katika shimo alilolijua.

Swali linalonishughulisha, basi, ni hili: je, alinifanyia hisani, ambayo angeweza kuiacha asilaumiwe, au alitimiza dhima iliyokuwa juu yake? Wanaosoma Kurani Tukufu watakumbuka kwamba aya yake iliyo ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inazungumza habari za deni: inaagiza deni la muda liandikwe, mashahidi wawekwe, na mwandishi asikatae kuandika kama Mwenyezi Mungu alivyomfundisha. Najua ya kuwa aya zinazoitangulia zinaikemea riba, na kwamba suala la riba katika mabenki ni zito. Linastahili makala yake peke yake, wala si haki kulipitia hapa juu juu. Ninayemtazama ni yule mwandishi. Ujuzi wake hauhesabiwi kuwa mali aliyoichuma, bali ni kitu alichopewa, na kwa kuwa alipewa, hana ruhusa ya kumnyima mwenye haja. Nikiipima hali yangu kwa mizani hii, naamua ya kuwa ile ilikuwa dhima, na kwamba mzee aliitimiza kwa wema uliozidi dhima.

Serikali ya Tanzania ilipoyataifisha mabenki ya kigeni tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya kutangazwa kwa Azimio la Arusha, wakuu wengi wa kigeni waliondoka, na wenyeji waliokuwa wamezoea kazi za ukarani wakatakiwa kuzishika kazi za wakubwa wao. Katika hali kama hiyo hapana awezaye kujifunza peke yake: kila mmoja humwuliza aliye karibu, na aliye karibu akinyamaza, tawi zima hukwama.

Lakini si kila msaada ni wema. Katika benki anayeandika hati ya malipo siye anayeiidhinisha, na wako wenzetu ambao kwa huruma humtilia mgeni sahihi pasipo kuisoma kazi yake, au humwazima neno lao la siri ili asichelewe. Huruma ya namna hiyo imewafukuzisha kazi watu waadilifu. Mzee yule alizirudisha ripoti zangu nne za mwanzo, na moja kati yake aliirudisha mara tatu, nami kila mara nilimkasirikia kimoyomoyo na kuwapenda zaidi wale walionisifu bila kusoma. Ilinichukua muda kutambua ni nani kati yao aliyekuwa akinilinda.

Mtu wa benki amefunzwa kwamba kila shilingi iliyoandikwa upande mmoja wa daftari lazima ionekane upande wa pili, na kwa hiyo deni lisilolipika humkera kuliko limkeravyo mtu mwingine. Siku ya kustaafu kwake nilimpelekea mzee zawadi, akaipokea kwa murua. Lakini nilimwambia wazi kwamba naondoka nikiwa bado na deni, kwa kuwa siwezi kumfundisha alichonifundisha, ilhali anacho.

Alicheka, akasema, “Mimi sikukukopesha, mwanangu. Nilikuwa nalipa.”

Mwaka huu ameletwa idarani kwetu binti aliyekuwa dirishani miaka minne. Katika mtoto wa meza yangu limo faili la mkopo wa kwanza nilioukosea, lenye sahihi yangu. Jumatatu nilimvutia kiti, nikalifungua.