Fundi Aliyeongeza Foleni

Bonasi ya majani chai hulipwa mwezi wa Oktoba, na wiki hiyo ofisi za sacco kati ya Embu na Meru hazipumui. Wakulima wa Mungania na Rukuriri, wa Imenti na Kionyo, hushuka na matatu za alfajiri ili wawahi dirisha. Huyu anadaiwa karo, yule ameahidi mabati, na wote wanataka pesa yao leo.

Chama ninachokisimulia nimekitunga, usikitafute kwenye barabara ya Runyenjes hadi Nkubu. Ila mashine zake zinafanya kazi kama zilivyo za kweli. Kilikuwa na seva moja yenye viini nane vya prosesa, na ndani ya seva hiyo mashine pepe nne: hifadhidata ya akaunti za wanachama, mfumo wa mikopo, barua pepe, na ya kuhifadhi nakala rudufu. Chini ya zote kulikuwa na diski mbili za sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, zimeunganishwa ili kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe pia kwenye nyingine. Aliyezitunza alikuwa fundi kijana, hodari, anayesoma usiku na asiyependa kushindwa.

Jumatatu ya bonasi mfumo ukaanza kusuasua. Keshia akibonyeza kitufe cha kulipa, kiduara kinazunguka tu kwenye skrini.

"Mwanangu, pesa imekataa?" shosho akauliza kutoka upande wa pili wa kioo.

"Haijakataa, shosho. Ni mashine tu."

Meneja akapanda ngazi mbili mbili hadi chumba cha seva. "Injinia, watu wamejaa hadi barabarani. Fanya kitu!"

Fundi akafungua orodha ya kazi ndani ya mashine pepe ya hifadhidata. Prosesa hazikuwa na shughuli kubwa. Tarakimu moja tu ndiyo iliyopanda, ile ya muda ambao prosesa inakaa bure ikiisubiri diski. Ilikuwa imevuka nusu. Jibu lote lilikuwa hapo. Yeye akalisoma vingine: kama kazi zinasubiri, basi wahudumu ni wachache, tuwaongeze.

Akapandisha prosesa pepe kutoka nne hadi nane. Hilo liliongeza foleni pia, kwa sababu tangu toleo la 5.2, la Desemba 2020, la QEMU, programu inayoigiza maunzi ya mashine pepe, diski pepe ya aina ya virtio iliyounganishwa kwa PCI hupewa foleni kulingana na idadi ya prosesa pepe. Kila prosesa ikapata foleni yake ya kupeleka maombi ya kusoma na kuandika. Foleni nane, lakini zote bado zilikuwa zikihudumiwa na uzi (thread) mmoja upande wa seva. Ni kama kufungua madirisha nane ya sacco na kumwachia keshia mmoja ayazungukie yote. Watu wamepangika vizuri zaidi, na wanaotoka na pesa ni wale wale.

Hapa inafaa kueleza uzi huo ulitoka wapi, maana wengi hubonyeza vitufe hivi bila kujua historia yake. QEMU ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. KVM, inayoiwezesha kutumia prosesa halisi moja kwa moja, iliingia kwenye kernel ya Linux mwaka 2007. Kwa miaka mingi kazi za vifaa ndani ya QEMU zilipitia kwenye uzi mkuu, zikilindwa na kufuli moja kubwa: aliyelishika kufuli anafanya kazi, wengine wanangoja. Mwaka 2013, toleo la 1.4 lilileta jaribio la kuitoa kazi ya diski kwenye uzi huo mkuu, kazi iliyoongozwa na Stefan Hajnoczi wa Red Hat. Mwaka uliofuata toleo la 2.0 likaleta nyuzi maalumu za kusoma na kuandika, zile ziitwazo iothread. Hata hivyo diski pepe moja iliweza kukabidhiwa uzi mmoja tu. Kizuizi hicho kiliondoka Aprili 2024, toleo la 9.0 liliporuhusu foleni za diski moja ya virtio-blk zigawiwe nyuzi kadhaa.

Fundi wetu alizisoma habari hizo usiku wa Jumatatu. Asubuhi akaipa diski ya hifadhidata uzi wake, na mambo yakawa afadhali kidogo. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, sina ugomvi nayo. Angeishia hapo, kisha akaitazama seva yenyewe badala ya kuitazama mashine pepe peke yake, kisa hiki kisingekuwepo.

Hakuishia hapo. Jumatano akaongeza nyuzi zikawa nane, moja kwa kila foleni. Viini halisi vya seva ni nane vilevile, na tayari vilikuwa vikigombaniwa na prosesa za mashine pepe nne. Tena uzi wa aina hii haulali mara kazi inapokwisha. Kwa kawaida huchungulia foleni yake kwa kitambo, hadi kama mikrosekunde 32, kabla ya kukubali kupumzika, na kuchungulia huko kunakula prosesa. Nyuzi nane zikichungulia pamoja, wengine wanabanwa. Kufikia saa nne maofisa wa mikopo walikuwa wakilalamika pia, na mikopo haikuwa na neno hata Jumatatu.

Hesabu ambayo hakuipiga ni fupi. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde. Muamala wa pesa haukamiliki mpaka diski ikiri kwamba umeandikwa kweli, na kichwa cha diski lazima kisogee hadi mahali pake, kisha kingoje sahani izunguke. Maandishi yakiwa yametawanyika, diski ya namna hiyo hufanya mia moja na kitu kwa sekunde, na kuwa na mbili zinazoandika kitu kilekile hakuongezi hata moja. Unaweza kupanga foleni mia na nyuzi mia. Msongamano utatoka ndani ya mashine pepe na kwenda kusimama mbele ya diski. Amri ya iostat kwenye seva yenyewe ingemwonyesha hayo mara moja: diski imeshikika asilimia mia, na kila ombi linangoja makumi ya milisekunde.

Alhamisi akagundua mpangilio wa kashe ambao waundaji wa QEMU wenyewe wameuita unsafe. Mashine pepe inaposema "andika sasa, usinijibu mpaka iwe diskini", mpangilio huo hujibu "tayari" papo hapo, huku data ikiwa bado kwenye RAM ya seva. Unafaa unapoweka mfumo mpya ambao ukiharibika utauweka tena. Fundi akauweka kwenye akaunti za wanachama.

Lo! Mfumo ukapaa. Makeshia wakamaliza foleni kabla ya saa saba, na mwenyekiti akapiga simu kumshukuru. Mwenyekiti huyohuyo mwaka huo ndiye aliyekataa ombi la diski mpya, kisha kamati yake ikanunua mahema na viti vya mkutano mkuu.

Ijumaa saa tisa alasiri umeme ukakatika. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yako mlangoni mwa Embu, na Kindaruma inazalisha umeme tangu 1968, lakini ukaribu huo haumkingi mtu. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, walio jirani na mabwawa na walio mbali nayo. UPS ya chama ilikuwa na betri zilizochoka. Ikalia, ikanyamaza, na seva ikazimika kabla jenereta haijawashwa.

Umeme uliporudi hifadhidata ilikataa kufunguka. Mtu angedhani hasara ni ndogo, kwa kuwa kernel ya Linux kwa kawaida huiacha data kwenye RAM kwa takriban sekunde 30 tu kabla ya kuanza kuisukuma diskini. Nusu dakika ya miamala, basi, ingetafutwa na kuandikwa upya. Kilichovunjika ni mpangilio. Hifadhidata huandika kwanza kwenye daftari lake la matukio, halafu ndipo ibadilishe akaunti, na usalama wake wote umejengwa juu ya utaratibu huo. Chini ya unsafe hakuna anayeulinda. Akaunti nyingine zilikuwa zimeshabadilika diskini na kumbukumbu zake hazijafika, nyingine kinyume chake, na programu haikuwa na njia ya kujua ya kuamini ni ipi.

Ikabidi warudishe nakala ya usiku wa Alhamisi. Ijumaa yote, siku yenye miamala mingi kuliko zote, ikaandikwa upya kwa mkono Jumamosi na Jumapili kutoka kwenye stakabadhi za makeshia na taarifa za M-Pesa. Keshia mmoja anasoma, mwingine anaingiza, wa tatu anapiga tiki kwa kalamu nyekundu. Palipokosekana stakabadhi, chama kililipa.

Baadaye diski za sahani zilitolewa, zikawekwa SSD za seva zenye kapasita ndani, zile zinazomalizia kuandika hata umeme ukikatika. Diski kama hiyo hufanya maelfu ya maandishi kwa sekunde. Kashe ya QEMU ikarudishwa kwenye none, prosesa pepe zikarudi nne. Hifadhidata ikabaki na uzi wake mmoja, nakala rudufu ikapewa mwingine ili isisimame njiani. UPS ikapata betri mpya. Nyuzi na foleni nyingi zina faida yake, lakini mpaka diski iwe na kasi ya kuzilisha na prosesa ziwe na nafasi ya kuzibeba.

Wewe unayetunza seva ya sacco, zahanati au shule huko Manyatta, Chuka au Maua, fungua faili za mipangilio ya mashine pepe zako leo, kabla ya bonasi. Ukikuta mpangilio wa unsafe kwenye diski yenye pesa au rekodi za watu, chukua nakala rudufu, zima mashine hiyo kwa utaratibu, na uuondoe. Ikiwa mfumo utakuwa wa polepole baada ya hapo, ipelekee kamati matokeo ya iostat pamoja na bei ya diski.