Mkasi Usioonekana

Kukata picha ni kazi nyepesi mno siku hizi. Mtu hufungua kivinjari katika kompyuta, huchagua picha, huvuta mstatili juu yake, na kwa kufumba na kufumbua kila kilicho nje ya mstatili huwa kimeondoka. Hahitaji mkasi wala gundi, wala hapana ashuhudiaye. Swali ninalotaka ulitafakari pamoja nami, msomaji, ni hili: je, kilichoachwa nje ya mstatili kinatudai kitu?

Huenda ukaliona swali hili dogo. Nami nililiona dogo mpaka nilipopewa kazi ya kutayarisha picha ya kidato cha pili kwa ajili ya jarida la shule niliyofundisha zamani. Wanafunzi walisimama safu tatu. Pembeni kabisa, upande wa kushoto, alisimama mvulana ambaye sweta yake ilitoboka kiwikoni, na rangi yake haikulingana na za wenzake. Nilisogeza ukingo wa picha kidogo, naye akatoka. Picha ikapendeza. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha walimu, nikadhani nimefanya jambo la unadhifu tu. Jarida lilipotoka, mvulana yule aliitazama picha kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, siku ile mimi sikuwapo?" Nilimjibu kwamba ukurasa ulikuwa mdogo. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili. Wa kwanza niliusema bila ya kufungua kinywa.

Mnamo Januari 2020, mjini Davos, Uswisi, wasichana watano watetezi wa mazingira walipigwa picha pamoja, mmoja wao akiwa Vanessa Nakate wa Uganda. Shirika la habari la Associated Press lilitoa picha iliyokatwa, wakabaki wanne, wote Wazungu. Mwafrika pekee, aliyesimama ukingoni, hakuwamo. Shirika lilieleza kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mandhari, na baadaye likaomba radhi. Mimi nayasadiki maelezo yale, na hapo ndipo ninapotishika. Haikuhitajiwa chuki. Jicho liliona jengo, halikuona mtu. Kama langu lilivyoona sweta.

Sikusudii kusema kwamba kila mkato ni kosa. Ukitaka kumpelekea rafiki picha ya sherehe, na nyuma yako amesimama mtoto wa jirani ambaye wazazi wake hawakuulizwa, mkate. Ukipiga picha ya barua na nambari ya kitambulisho cha baba yako imeonekana, ikate. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, lakini heshima ya namna hii ni kongwe kuliko sheria.

Basi mkato wa kusitiri na ufanywe kwa siri ya kweli. Kivinjari chaweza kuisoma picha iliyo katika kompyuta yako, kikanakili sehemu uliyoichagua na kukurudishia faili mpya, bila ya picha kuvuka kizingiti cha nyumba yako. Lakini zipo kurasa ambazo huipeleka kwanza picha nzima katika kompyuta ya mbali ikakatwe huko. Hapo umemkabidhi mgeni kile kile ulichotaka kukificha. Ukiisha kuufungua ukurasa, zima intaneti. Kazi ikiendelea, ni dalili njema kwamba yafanyika kwako. Hata hivyo usijiamini mno. Mwaka 2023 ilifichuka kwamba chombo cha kukatia picha katika simu za Pixel kiliandika faili fupi juu ya ndefu bila ya kufuta mkia wa ile ya zamani, hata sehemu ya yaliyodhaniwa kuwa yameondoka ikaweza kurudishwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na faragha hiyo humsitiri mkataji pia. Kwa hiyo mimi hujiuliza: ningekata hapa kama huyu ninayemtoa angekuwa amesimama begani pangu? Mzazi wa yule mtoto wa jirani angenishukuru. Mvulana wangu je?

Picha nzima ningali nayo. Lakini majarida yalikwisha kutawanyika majumbani mwa watu, na katika kila moja kidato kile kimepungukiwa na mwanafunzi mmoja.