Deni kwa Wasiokuwepo Kikaoni

Mwaka 1987 Tume ya Brundtland iliipa dunia maana ya maendeleo endelevu inayotumika mpaka leo: kutosheleza mahitaji yetu bila kuwanyima watakaokuja baadaye uwezo wa kutosheleza ya kwao. Septemba ya mwaka huohuo, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia katika jengo lililotelekezwa wakang'oa chuma walichodhani kitawapatia chochote. Jengo lilikuwa la kituo binafsi cha tiba ya saratani. Wenyewe walishahama, na mashine ya mionzi waliiacha humo bila kuiarifu mamlaka iliyowapa leseni. Ndani ya chuma kile mlikuwa na sesiamu-137, isiyofika hata gramu 100.

Chuma kiliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiku, unga wa sesiamu uliokuwemo ulitoa mwanga wa buluu, na ndugu na majirani wakaja kuushangaa. Wengine waligawiwa punje wakaenda nazo nyumbani. Binti wa miaka 6 aliuchezea, kisha akala bila kunawa. Mke wa mnunuzi ndiye aliyeanza kuona jambo: kila aliyekikaribia kitu kile alikuwa anaugua. Hakuwa mtaalamu. Alichukua mabaki ya kitu hicho, akayatia kwenye mfuko, akapanda basi hadi ofisi ya afya ya umma kumwonyesha daktari kile alichoamini kinawaua watu wake. Kwa kufanya hivyo aliokoa wengi asiowajua. Yeye na binti yule walifariki siku moja, tarehe 23 Oktoba. Waliokufa kwa jumla walikuwa 4. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi mwilini au kwenye nguo.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Goiânia, walioula msiba hawakuwa hata jamaa wa walioipuuza mashine. Hawakuwepo ilipoagizwa, wala hakuna aliyewaeleza ni kitu gani. Hasara ikawafikia na wa mbali zaidi: mazao ya jimbo la Goiás yalikosa wanunuzi, na wenyeji wa mji waliosafiri walikataliwa hotelini. Udongo, vyombo na vifusi vya nyumba zilizobomolewa vilikuwa maelfu ya mita za ujazo za taka, na sesiamu hupungua nusu kwa kila miaka 30 hivi. Itachukua karne tatu kubaki sehemu moja katika elfu. Wajukuu wa vitukuu vyetu watakuwa bado wanalinda ghala la taka hizo.

Ndiyo maana siwezi kuikubali kauli kwamba kinga ya mionzi ni urasimu unaochelewesha maendeleo. Kinga ni sehemu ya maendeleo yenyewe, kwa sababu inalipa deni tulilonalo kwa wasiokuwepo kikaoni tunapoamua: mfanya usafi, muuza vyuma chakavu, na mtoto ambaye hajazaliwa.

Wala deni hilo halituambii tuikimbie mionzi. Kisiwani Unguja, mbung'o waliwasumbua wafugaji kwa miaka mingi kwa kuwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Kati ya 1994 na 1997, mamilioni ya mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kutoka angani juu ya kisiwa. Majike waliopandwa nao hawakupata kizazi, na mbung'o wakatoweka Unguja. Maziwa yaliongezeka, na wakulima wakapata ng'ombe wa kulimia. Mionzi haikukaa kwenye majani wala kwenye nyama, kwa kuwa ilibaki ndani ya mashine, chini ya uangalizi wa watu waliojua wajibu wao. Hapo nguvu hiyohiyo ililisha familia.

Misingi ya kinga inayofuatwa duniani ni mitatu: usitumie mionzi ila faida yake iwe kubwa kuliko madhara; hata ikikubalika, ipunguze kadiri inavyowezekana; na usivuke kikomo kilichowekwa. Misingi hiyo huonekana kwa macho hospitalini. Kabla ya kupiga eksirei, mtaalamu humwuliza mgonjwa, "Samahani dada, inawezekana una ujauzito? Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?" Wengine huona ni udadisi, au huona haya kujibu. Lakini swali lile linamtetea mtu asiyeweza kujisemea. Huo ni utu, na ukifanyika kila siku katika chumba kidogo cha hospitali ya wilaya, una uzito zaidi kuliko hotuba nyingi za maendeleo.

Utu huo huanza kupungua mashine inapozeeka. Mashine mpya hupokewa kwa utepe na picha za viongozi. Inayochakaa haina sherehe, na mara nyingi haina bajeti. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2003, na kazi yake ya kusajili na kukagua inastahili kuheshimiwa na kupewa fedha. Hata hivyo sheria peke yake haitoshi kama mwenye chanzo cha mionzi hajisikii kuwajibika nacho hadi mwisho. Siku ya kutia saini ununuzi ndiyo siku ya kuuliza: kitakapochoka kitakwenda wapi, nani atakisafirisha, na fedha zake ziko wapi? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Kama hayapo, basi hatujawa tayari kukinunua, hata kama fedha za kukinunulia tunazo.