Namba ya Mara Moja na Amana ya Siku Zote



Kwetu mtu akifika mlangoni hupiga hodi. Wa ndani huuliza, "Nani?" naye hujibu, "Mimi!" Jibu hilo halina jina wala ushahidi, lakini mlango hufunguliwa, kwa kuwa sauti inajulikana. Hapa Minneapolis na Saint Paul milango mingi tunayobisha siku hizi haijui sauti ya mtu. Mshahara, benki, bima ya afya, shule za watoto, vyote vimo ndani ya kompyuta, na mara nyingi kompyuta haitosheki na neno la siri peke yake. Hutuma kwenye simu namba ya tarakimu sita, hutupa dakika chache, kisha namba hiyo hufa. Pamoja nayo huja onyo kwa Kiingereza: usimpe mtu yeyote.

Onyo hilo ndilo linalotusumbua, kwa sababu sisi tunampa mtu, tena mara kwa mara. Mzee wa Brooklyn Park asiyesoma Kiingereza humkabidhi simu mjukuu wa darasa la tano. Mama aliyerudi kutoka zamu ya usiku, macho yamejaa usingizi, humwita jirani yake wa Cedar-Riverside amsaidie. Na wengi wetu wenye akaunti za benki nyumbani tumemwachia ndugu laini ya simu ya huko. Basi saa tatu usiku, nje theluji inaanguka, tunampigia Mombasa, kwao ni saa kumi na mbili asubuhi, na tunamhimiza: "Soma haraka kabla haijafa!" Naye hutusomea namba ambayo imeandikwa asimsomee mtu. Je, sote hawa tunafanya kosa?

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1981 mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Leslie Lamport, alichapisha njia ya kumtambua mtumiaji hata kama waya anaopitishia maneno yake unasikilizwa. Neno la siri la kawaida likishasikika ni la mdukizi pia, mpaka mwenyewe alibadilishe. Lamport alipendekeza mlolongo wa maneno ambayo kila moja hutumika mara moja tu, na aliyelinasa la jana hawezi kukokotoa la leo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Bellcore iliutumia msingi huo katika mfumo ulioitwa S/KEY. Mtu aliweza kutembea na karatasi yenye mafungu ya maneno sita mafupi ya Kiingereza, akilifuta kila fungu alilokwisha kulitumia. Kanuni iliyotolewa mwaka 2011 ndiyo inayotumiwa na programu nyingi za simu zinazobadilisha namba kila baada ya sekunde 30.

Adui aliyekusudiwa tangu mwanzo, basi, alikuwa mdukizi asikilizaye pasipo kuitwa. Lakini namba hiyo haimjui mwenyewe. Inathibitisha tu kwamba anayeiandika ameiona au amesomewa. Wezi walipolitambua hilo, wakaona kuna njia rahisi kuliko kuvizia waya: kumwomba mtu aiseme kwa kinywa chake.

Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu alipigiwa simu na kijana mwenye Kiswahili safi. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba. Kijana akauliza habari za watoto na za baridi, kisha akasema anatoka benki, kuna mtu anajaribu kumwibia, na ili amzuie anahitaji namba itakayoingia sasa hivi. Mama akamsomea. Fedha za karo ya mjukuu wake wa Tanga zikaondoka. Alipotusimulia hakukaa sana kwenye fedha. Alirudia neno moja: "Aliniamkia." Alimaanisha kwamba hakujua namna ya kumkatia simu mtoto aliyemwamkia. Tangu siku hiyo hamruhusu hata mjukuu aishike simu yake, na kwa kila jambo la benki hupanda basi akapange foleni.

Wapo wanaosema afadhali hivyo: kikulacho ki nguoni mwako, na fedha za wazee zimeliwa na wapwa pia, si wageni tu. Ni kweli. Lakini onyo likifuatwa neno kwa neno, yule mzee wa Brooklyn Park hataingia kamwe katika mali yake mwenyewe. Wengine husema msaada ni msaada, kwani tangu zamani mtoto aliyesoma shule ndiye aliyewasomea watu barua zao. Hapo pana tofauti. Aliyesoma barua alijua siri ya nyumba. Anayesoma namba anashika ufunguo, na mlango uko wazi kwa dakika zile chache.

Kwa hiyo sisi tunaona swali la kwanza ni nani aliyeanza. Namba niliyoiomba mimi, kwa mlango ninaoufungua mimi, naweza kusomewa na mtu niliyemchagua nikiwa hapo hapo, au sikioni mwangu kutoka Mombasa. Namba inayotafutwa na mtu aliyenipigia yeye haisomwi, hata akijitambulisha vipi. Na aliyeaminiwa kusoma ajue kwamba ameshika amana: asiingie peke yake, asisimulie alichokiona. Watu wazima nao wasimtwishe mtoto wa darasa la tano hesabu za babu yake kila wiki. Jumamosi moja ya kukaa na mzee, kumwonyesha namba inatokea wapi na inaandikwa wapi, ni msaada mkubwa zaidi, maana tarakimu hazihitaji Kiingereza.

Kwa mama yetu tunasema hivi. Shikamoo hujibiwa kwa marahaba, na hapo deni lake limekwisha. Kuitikia, kisha kukata simu, si utovu wa adabu. Na mjukuu arudishiwe simu.