Sindano na Mizani

Mwaka unapofika ukingoni, watu hufanya hesabu. Mkulima huhesabu magunia, mfanyabiashara hufunga daftari, mchimbaji wa dhahabu hukumbuka gramu alizozipima na zile zilizomponyoka. Lakini katika kila mji wa Afrika Mashariki yuko mtu ambaye hesabu yake haimo katika daftari lolote: mwanamke aliyeutumia mwaka, katika saa zilizosalia baada ya shamba na jiko, akishona, akidarizi, akifuma na kusuka nyumbani mwake. Mwaka ukiisha, mbele yake pana shuka mbili zenye maua ya uzi, vitambaa vya viti, gauni la mtoto, kikapu, na suruali za shule zilizotiwa viraka. Je, amepata au amepoteza? Swali hili laonekana dogo, na labda ndiyo sababu haliulizwi. Kwa hakika ni kubwa, maana ndani yake limejificha jingine: muda wa mwanadamu una thamani gani, na ni nani mwenye haki ya kuupima?

Ni vigumu kupata mahali linapouma swali hili kuliko Ushirombo. Mji huu ni makao makuu ya wilaya ya Bukombe, iliyokuwa katika mkoa wa Shinyanga mpaka ulipoundwa mkoa wa Geita mwaka 2012. Umekaa kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Rwanda na Burundi, na malori hupita hapo usiku na mchana. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Na mbali na migodi hiyo ya mashine, wachimbaji wadogo wa ukanda mzima hushuka kwenye maduara yao wakiwa na tochi, kamba na dua. Katika nchi ya namna hiyo, jiwe lililopondwa asubuhi huweza jioni kumpa mtu fedha ambayo shamba la pamba halikumpa msimu mzima. Au lisimpe chochote. Hapo kila saa ya mtu huanza kuulizwa bei. Anayekaa barazani akitia uzi tunduni huonekana kama aliyekaa bure.

Wala si kweli kwamba uzi ni mgeni katika nchi hiyo. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Unyamwezi waliwakuta watu wakifuma nguo za pamba kwa mtande na mshindio wao wenyewe. Wasumbwa, wenyeji wa Ushirombo, walijulikana kwa misafara ya biashara iliyofika mpaka Katanga kutafuta shaba. Msiri, aliyejijengea dola huko na kuuawa mwaka 1891, alitoka katika ukoo wa watu hao. Kutoka pwani, kwa upande mwingine, ilipanda merikani, ile nguo nyeupe iliyobeba jina la nchi ilikofumwa, na ambayo Unguja iliisambaza bara kwa doti na kwa upande. Nguo ikawa fedha: kwayo ulilipwa ushuru wa njia, kwayo ulinunuliwa mtama wa wapagazi. Na ilivyozidi kuingia nguo ya mbali, ndivyo ulivyopungua mfumo wa karibu. Kwa hiyo mama wa Ushirombo anayeshika sindano leo hakuanza na mshipi mpya. Ameokota ncha ya uzi uliokatika zamani.

Mwaka wake una mpango. Mvua huanza takriban Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na katika miezi hiyo jembe halimwachii mkono. Sindano hulala ndani ya kopo, isipokuwa kwa kiraka kisichoweza kungoja. Kiangazi kikiingia, mahindi yakiwa ghalani na pamba ikichumwa, sindano hutoka. Huo pia ndio wakati wa harusi, na harusi hudai shuka. Ua moja la uzi mwekundu, lenye majani mawili ya kijani, huweza kula jioni nzima. Shuka yenye maua kila pembe na jina la maharusi katikati hula wiki. Huku pamba aliyoivuna kwa mkono huohuo imekwisha kwenda kuchambuliwa, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa ghafi. Viwanda vya nguo vilivyojengwa Mwanza na Musoma baada ya uhuru, ili pamba ya Ziwa ivaliwe Ziwa, vilidhoofika. Nguo sasa huja kwa robota, imekwisha kuvaliwa na mwili mwingine katika nchi nyingine, na shati la mtumba huweza kuuzwa kwa bei isiyotosha kununulia kitambaa na uzi wa kushonea shati jipya.

Hapo ndipo mhasibu aliposimama, na hoja yake si ya kudharauliwa. Husema: mwenye kushona kitu ambacho angeweza kukinunua kwa bei ya chini kuliko vifaa vyake, ameufukia muda wake. Karl Marx mwenyewe, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kuwapenda matajiri, alipoandika juu ya thamani mwaka 1867 alichukua mfano wa yadi 20 za kitani zinazolingana na koti moja, akaeleza kwamba thamani ya bidhaa sokoni haitokani na muda alioutumia fundi huyu au yule, bali na muda unaohitajika kwa kawaida katika jamii nzima. Ikiwa mashine yatoa shuka kwa dakika, basi wiki sita za mama wa Ushirombo, mbele ya soko, ni dakika chache tu. Soko halimlipi mtu kwa taratibu zake.

Upande wa pili wamesimama wanaoisifu kazi ya mkono. Mkubwa wao ni Gandhi, aliyeligeuza gurudumu la kusokotea pamba kuwa silaha ya kuipinga dola ya Kiingereza, akawataka Wahindi wavae khadi waliyoisokota wenyewe. Hoja yake ni kwamba anayevikwa na mwingine hutawaliwa na mwingine. Nao Waswahili walisema tangu kale kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Hoja hii ina ukweli. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru. Wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Kumbe shati kuukuu lina dola nyuma yake! Lakini hoja ya Gandhi huwatwika mabega madogo mzigo mkubwa. Yaliyowashinda wakuu wa nchi hayawezi kudaiwa kwa mwanamke mmoja na kopo lake la sindano.

Zaidi ya hayo, iko hatari katika kusifu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata siku za mapumziko, wakati wanaume wengi wa huko huishi kama walio likizoni. Iwapo mwanamke huyo, baada ya saa zake 14, anatia viraka kwa mwanga wa kibatari kwa sababu mtoto hana suruali nyingine, basi kumwambia kwamba kazi ya mikono ina uzuri wake ni kumdhihaki kwa maneno laini. Kiraka hicho si sanaa wala ukombozi. Ni dhiki iliyosimamiwa kwa heshima. Anayestahili kupumzishwa hulipwa sifa, na sifa haipikiki.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kwenda Geita kuliona jambo hili. Na waitazame kofia ya mkono ya Unguja au Lamu. Mwenye kuishona huzungushia uzi matobo madogo madogo, moja baada ya moja, miezi kwa miezi, mpaka kitambaa kisimame chenyewe kama nakshi ya mlango. Kofia hiyo huvaliwa Idi, ikasifiwa, na mvaaji akasifiwa kwayo. Methali husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini methali haikumtaja aliyeunda. Mara nyingi aliyeunda yumo ndani, na mwenye duka aliyeinunua kofia kwake alimpunja kwa hoja moja tamu: kwamba yeye hushona kupitishia wakati tu.

Hoja hiyo tamu ndiyo ufunguo wa suala zima, maana yaonyesha kwamba udhalimu hapa haukai katika mizani hii wala ile, bali katika kuzibadilisha mizani kwa hila. Ziko mizani mbili. Moja ni ya soko, ambayo hupima kitu kwa bei. Ya pili ni ya nyumba, ambayo hupima kitu kwa yule aliyekusudiwa. Gauni aliloshonewa mtoto wa Ushirombo lilikatwa kwa kipimo cha mabega yake, pindo likaachwa refu kwa kuwa mama alijua kwamba mwakani atarefuka. Hakuna robota duniani lenye pindo la namna hiyo. Dhahabu, kwa thamani yake yote, haina anayekusudiwa: gramu iliyotoka duarani ni sawa mkononi mwa yeyote, na ndiyo sababu yafaa kuwa fedha. Gauni hufaa kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Hilo ni faida halisi, na mhasibu haioni si kwa ubaya, bali kwa kuwa mizani yake haikutengenezwa kuipima.

Lakini gauni au shuka hiyo ikivuka kizingiti kwenda kuuzwa, hukumu yake hubadilika. Haina tena mtu wake. Ni bidhaa, na muda uliomo ndani yake ni kazi, nayo kazi hudai ujira. Dhuluma hutokea pale mnunuzi anapoinunua bidhaa ya soko kwa mizani ya nyumba, akisema mshonaji alijifurahisha. Na hutokea pia, kwa upande wa pili, pale wa nyumbani wanapokipima kitu cha nyumba kwa mizani ya soko, wakimuuliza mwanamke mwisho wa mwaka, “Umeleta nini?” ilhali wamelalia, wamevaa na wamekalia alivyovileta. Huyu wa kwanza amwibia fedha. Hawa wa pili wamwibia mwaka.

Mchimbaji mdogo alipata kuonewa namna hiyohiyo na wanunuzi waliokuja na mizani zao mifukoni. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mengine yakafuata mikoani, ili dhahabu ipimwe mbele ya watu kwa bei inayojulikana. Mizani ya wazi haikuwatajirisha wote, ila iliwapa pa kusimama na kudai. Mshonaji na mfumaji hawana soko la namna hiyo, na kazi zao kwa kweli hazifanani vya kutosha kupangiwa bei moja. Jambo la kwanza la haki kwao, basi, ni dogo na liko ndani ya uwezo wa kila mnunuzi: aulize kitu kilichukua siku ngapi kabla ya kuuliza kinauzwaje.

Labasi swali la mwanzo lina jibu, ingawa jibu lenyewe lina sharti. Amepata, ikiwa alikuwa na uwezo wa kuiweka sindano chini na hakuiweka. Mwenye hiari hiyo, akiitumia kiangazi yake kwa shuka ya binti yake, hakuupoteza muda. Ameugeuza kuwa kitu kinachoweza kukunjwa na kupewa mtu. Ikiwa hakuwa na hiari, alichopata ni kustahimili, na wanaomzunguka wana deni kwake ambalo pongezi hazilifuti. Tofauti ya hayo mawili haionekani katika shuka. Mshono huweza kuwa uleule, na hata ua likawa lilelile.

Wapenzi wa ushairi watakuwa wamekwisha kuitambua kesi hii kuwa ni yao. Kiswahili kina neno moja tu, kutunga, kwa anayetia ushanga uzini na kwa anayefanya shairi. Na neno moja, mizani, kwa kipimo cha sonara na kwa kipimo cha mshororo. Beti hazijapata kulipia mafuta ya taa yaliyoziangazia, na hakuna malenga aliyeacha kutunga kwa sababu hiyo. Ila malenga huweka jina lake katika kaditama, na kila amsomaye hujua nani wa kumshukuru. Shuka ya Ushirombo huandikwa majina ya maharusi. Jina la aliyeyaandika kwa uzi halimo. Itafuliwa mpaka maua yachujuke, itachanwa iwe nepi, kisha kitambaa cha kuepulia sufuria, wakati dhahabu iliyochimbwa mwaka uleule imelala ndani ya kabati la chuma katika nchi ya mbali, haijamgusa mtu.